Faja la Chantilly na Nyumba Zetu za Uani

Utamaduni wa taifa una mlango wa mbele na mlango wa uani. Kwa mlango wa mbele hupita wageni, viongozi na wapiga picha; kwa mlango wa uani hupita kuni, maji, majani ya wanyama, na watu wanaovibeba. Aghalabu tunapozungumza juu ya majengo ya kale sisi husimama mbele. Tunahesabu nguzo, tunasifu nakshi za mlango, tunamtaja mfalme au liwali aliyelala ndani, kisha tunaandika katika daftari kwamba urithi umehifadhiwa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nathubutu kuongeza kwamba hata ukiisha kuingia ndani hujaimaliza nyumba, mpaka uzunguke nyuma ukaone palipofungwa punda.

Lugha yetu inalo neno la mahali hapo. Wazee wa pwani walipaita faja, yaani nyumba ya farasi au ya mifugo mingine. Siku hizi wengi husema zizi au banda, na faja limebaki katika kamusi na vinywani mwa wachache. Si ajabu, kwani neno halifi peke yake. Hufa pamoja na kitu lilichokuwa likikibeba. Sehemu kubwa ya bara letu haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o na maradhi anayoyaeneza viliwaangamiza wanyama hao kila walipopelekwa bara, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mizigo ya misafara ibebwe mabegani na vichwani mwa watu. Farasi alikuwa kiumbe wa pwani, wa visiwa, na wa nyanda za juu chache zisizo na mbung'o. Na kila alipokuwapo, alikuwa karibu na mamlaka. Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja kwa jina la Salme binti Said, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa Sayyid Said walivyofundishwa kupanda wanyama katika kasri la Mtoni. Na Sayyid Said huyo huyo alipotuma zawadi kwa Rais wa Marekani mwaka 1840, katika merikebu ya Sultana iliyoongozwa na Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kwa hiyo habari ya farasi na nyumba yake si ngeni kwetu kabisa, ijapokuwa mfano nitakaoutoa ni wa mbali.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Elimu yangu ni ya sekondari, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ya masjala: kupokea majalada, kuyapa nambari, na kuhakikisha kwamba yakitafutwa yanaonekana. Mashairi ni kazi yangu ya jioni. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Ufaransa kwa mafunzo mafupi ya utunzaji wa kumbukumbu za ofisi. Jumapili moja mwenzangu wa mafunzo, mzaliwa wa Unguja, nami tulipanda gari moshi tukaenda Chantilly, mji ulio kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Paris. Tulitoka stesheni kwa miguu, tukafika kwenye uwanja mpana wa majani wa mashindano ya farasi, na ng'ambo ya uwanja likatokea jengo refu la mawe ya rangi ya mchanga, lenye paa kubwa la mteremko na kuba katikati.

"Hilo ndilo kasri lenyewe, kaka," akasema mwenzangu.

"Hapana, ndugu yangu," nikamjibu, maana nilikuwa nimeisoma ramani. "Hiyo ni nyumba ya farasi. Kasri lile kule, lililozungukwa na maji."

Alinyamaza kitambo, akilitazama jengo kutoka ncha hata ncha. Kisha akasema, "Basi hapa farasi alikuwa na cheo."

Kweli alikuwa nacho. Jengo hilo, ambalo Wafaransa huliita Grandes Écuries, maana yake Mafaja Makuu, lilijengwa kati ya mwaka 1719 na 1735 kwa amri ya Louis-Henri, mtawala wa Bourbon na mwana-mfalme wa saba wa ukoo wa Condé. Msanifu wake alikuwa Jean Aubert, ambaye alisanifu pia jumba la Paris linaloitwa Hôtel Biron, ambamo leo imo makumbusho ya mchongaji Rodin. Urefu wa faja la Chantilly ni mita 186. Kuba lake ukilisimamia chini kwa ndani lina kimo kinachokaribia mita 28. Lilikusudiwa farasi 240 pamoja na makundi makubwa ya mbwa wa kuwindia, maana katika misitu ya Chantilly uwindaji haukuwa mchezo tu. Ulikuwa ndiyo namna ya mwana-mfalme ya kuonyesha kwamba yeye ni mwana-mfalme. Yasemwa kwamba Louis-Henri aliamini kwamba baada ya kufa angerudi duniani katika umbo la farasi, na kwa sababu hiyo alijijengea mapema makao yanayomstahili. Iwe kweli au uzushi wa wenye kejeli, hadithi hiyo imeishi kwa sababu kila alitazamaye jengo huona kwamba inalifaa.

Sasa na tuingie ndani. Mpango wa jengo ni mwepesi kueleweka, na wepesi huo ndio uzuri wake. Katikati lipo kuba. Kulia na kushoto kwake umenyooshwa ukumbi mrefu wenye dari la matao ya mawe. Farasi walisimamishwa kwa safu mbili, kila mmoja akiuelekea ukuta na hori lake, na katikati ikaachwa njia pana ya watu kupita. Madirisha yamewekwa juu. Mgeni huweza kudhani kwamba kimo kile chote ni majivuno matupu, lakini aliyepata kulala karibu na zizi anajua zaidi. Wanyama wengi wakikaa pamoja pumzi zao hutia unyevu, na mikojo yao hutoa harufu inayochoma macho na kuharibu mapafu. Dari likiwa juu, joto na harufu hupanda. Dirisha likiwa juu, hewa mbaya hutoka pasipo upepo kumpiga mnyama ubavuni. Na kuta nene za mawe huzuia baridi ya kipupwe na jua la kiangazi. Kwa hiyo fahari na faida vilitiwa katika mpango mmoja. Mwashi mwema hufanya hivyo: akiutumikia moyo wa mwenye mali, hausahau mwili wa mkaaji.

Mapambo nayo yana maana yake. Juu ya mlango mkubwa wamechongwa farasi wanaochupa kutoka katika jiwe, kana kwamba ukuta umeshindwa kuwazuia. Chini ya kuba, ukutani, vimechongwa vichwa vya paa dume wenye pembe, na ipo chemchemi yenye sanamu za farasi ambamo maji hushukia birikani. Hapo chini ya kuba hapakuwa pa wanyama tu. Wageni wa heshima waliandaliwa karamu humo, na inasimuliwa kwamba mwaka 1782 Paul, mrithi wa ufalme wa Urusi, alikula hapo pasipo kujua yuko wapi, hata mapazia yalipofunguliwa akaona pande zote mbili safu za farasi wakila kama yeye.

Mali ya kujengea ilitoka wapi? Swali hili ni wajibu wa kila mtu alitazamaye jengo kubwa, nasi tuliokuwa chini ya wengine tunapaswa kuliuliza kwanza. Louis-Henri alikuwa tajiri kwa urithi, lakini alineemeka kupita kiasi katika mwaka 1719 na 1720, wakati John Law, Mskoti aliyeaminiwa fedha za ufalme wa Ufaransa, alipouza hisa za kampuni yake ya biashara za ng'ambo. Hisa zilipanda mpaka watu wakapoteza akili. Kisha zikaanguka, na maelfu wakafilisika. Mwana-mfalme alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha zao mapema. Kampuni hiyo ya Ufaransa ya India ndiyo iliyokabidhiwa kisiwa cha Morisi mwaka 1721, na watu kutoka Madagaska na pwani ya Msumbiji wakapelekwa huko kuwa watumwa. Kampuni ilikwisha kupoteza haki zake mwaka 1776, Mfaransa Morice alipofanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupatiwa watu 1,000 kila mwaka. Lakini mashamba waliyopelekwa watu hao yalikuwa matunda ya mti ule ule. Sisemi kwamba kila jiwe la Chantilly lilinunuliwa kwa mtu wa Kilwa. Tarehe haziruhusu, na karani wa masjala hachezi na tarehe. Nasema tu kwamba bahari iliyoosha pwani yetu haikuwa mbali na hesabu za yule bwana kama ramani inavyodai.

Mwana-mfalme huyo alikuwa waziri mkuu wa Mfalme Louis wa 15 tangu mwaka 1723 hata 1726, alipoondolewa na kuamriwa akae Chantilly. Alifariki mwaka 1740, na kazi ikasimama. Mpaka leo lango linaloitwa Saint-Denis, lililoungana na faja, limesimama pasipo kukamilika. Majengo mengi makubwa huwa hivyo. Mwenye kuamuru hufa kabla ya mwenye kuchonga kumaliza.

Nusu karne baadaye kibao kiligeuka. Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789 mwana-mfalme wa Condé wa wakati huo aliikimbia nchi. Mali yake ilitwaliwa, na kasri kubwa la mababu zake likauzwa kwa watu waliotaka mawe yake, wakalibomoa. Faja halikubomolewa. Kwa nini? Si kwa sababu wanamapinduzi waliupenda usanifu wa Aubert. Ni kwa sababu serikali mpya nayo ilikuwa na jeshi, jeshi lilikuwa na farasi, na farasi walihitaji pa kulala. Kasri lilisimama kwa ajili ya heshima ya mtu mmoja, na heshima hiyo ilipoondoka halikuwa na mtetezi. Faja lilisimama kwa ajili ya kazi, na kazi haina chama.

Jambo hili lilinifikirisha sana kwa kuwa sisi watunzi wa Kiswahili tumelelewa na maombolezo ya majumba. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, umetufundisha kuyatazama magofu ya mabwana na kuikumbuka dunia ilivyo ya kupita. Ni mafundisho makubwa. Lakini Chantilly ilinipa nyongeza: dunia hupita kwa mwendo tofauti katika vyumba tofauti vya nyumba moja. Sebule huweza kutangulia kufa, na uani ukabaki ukiishi.

Kasri lililopo leo si lile la kale. Henri, mtawala wa Aumale na mwana wa Mfalme Louis-Philippe, aliurithi mji huo mwaka 1830 akiwa mtoto wa miaka 8. Baadaye alikaa uhamishoni tangu mwaka 1848 hata 1871, na aliporudi akalijenga kasri upya. Kwa kuwa wanawe walikuwa wamekufa, mwaka 1886 aliikabidhi milki yote, pamoja na faja, kwa Institut de France, yaani baraza kuu la wanazuoni wa nchi hiyo. Na baada ya kifo chake mwaka 1897 kasri likafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa upande wa farasi, mashindano yalianza kukimbiwa katika uwanja ulio mbele ya faja mwaka 1834, na mji mzima ukawa mji wa wafuga farasi, wafunza farasi, mafundi wa matandiko na wahunzi wa viatu vya kwato. Hata sasa asubuhi farasi wa mashindano hutolewa kwa makundi wakafanye mazoezi msituni.

Hata hivyo, jengo huweza kusimama likiwa limekufa. Mwalimu mmoja wa farasi, Yves Bienaimé, ndiye aliyelitia tena uhai. Mwaka 1982 alifungua ndani yake makumbusho ya farasi, na hakutosheka na picha na vipande vya ngozi. Alileta farasi wenyewe, wakafundishwa na kuonyeshwa mbele ya watu chini ya kuba lile lile. Baadaye jengo lilihitaji matengenezo makubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja. Mwaka 2005 uliundwa mfuko wa kuiokoa milki ya Chantilly chini ya uongozi wa Aga Khan wa Nne, na makumbusho ya farasi yalifunguliwa upya mwaka 2013, yakiwa na vyumba 15. Mwenzangu wa Unguja aliposikia jina hilo alitabasamu, na nilijua sababu. Aga Khan huyo, aliyefariki mwezi Februari 2025, aliishi sehemu ya utoto wake Nairobi, na ni shirika lake la utamaduni lililoitengeneza Zahanati ya Kale ya Mji Mkongwe katika miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Kwa hiyo mkono ulioshika mwiko Chantilly ulikuwa umekwisha kushika mwiko kwetu.

Tulipokuwa tukitembea katikati ya safu za farasi, nilijaribu kupiga hesabu. Farasi mmoja hunywa kiasi cha lita 30 kwa siku, na zaidi siku za joto. Farasi 240 wanahitaji lita 7,200. Maji hayo yafike mbele ya kila pua, siku ya kazi na siku ya sikukuu. Ongeza majani makavu, shayiri, nyasi za kulalia; ongeza samadi ya kuzolewa kila alfajiri, kwato za kusafishwa, ngozi za kupigwa brashi, lijamu na hatamu za kupakwa mafuta. Kazi hii haikufanywa na mwana-mfalme wala na msanifu. Ilifanywa na masaisi, wahunzi, watandikaji na vijana wa kuzoa samadi. Jina la Aubert tunalo, na la Louis-Henri tunalo. La kijana wa samadi halikuchongwa juu ya mlango wowote. Afe punda mzigo ufike, husema wenye haraka. Ila katika historia mzigo umefika, punda amekufa, na aliyemwongoza punda hakuandikwa.

Hapa ndipo faja linapozidi kasri kwa mafunzo. Ukitazama kitanda cha mfalme unajifunza jinsi mtu mmoja alivyolala. Ukilitazama faja unajifunza jinsi mamia walivyoamka. Kasri lingependa tusahau kazi. Faja haliwezi kuificha, maana limetengenezwa kwa vipimo vyake. Upana wa njia ya kati ni upana wa mtu na ndoo zake. Kimo cha hori ni kimo cha shingo ya farasi na mkono wa amlishaye.

Nilipoanza kazi ya serikali nilipelekwa katika mji mmoja wa nyanda za juu, katika ofisi ambayo sitaitaja. Masjala yetu ilikuwa nyuma ya boma, katika jengo la mawe la chumba kimoja kirefu. Ukutani mlikuwa na mashimo marefu ya saruji yaliyotokeza kama mabakuli, nasi tuliyatumia kama rafu za majalada. Juu ya kila shimo palikuwa na pete ya chuma. Mzee aliyekuwa akitufagilia alitueleza kwamba yale yalikuwa mahori, na pete zilikuwa za kufungia farasi na nyumbu wa wakuu wa enzi ya Waingereza. Baba yake alikuwa saisi mahali hapo. Mzee aliijua kila pete kwa jina la farasi aliyefungwa hapo, na alipofagia aliyataja kwa mpango, kutoka mlangoni hata ukuta wa mwisho, kama mtu anayeita mahudhurio darasani. Alijua yupi aliuma, yupi aliogopa radi, na yupi alimvunja baba yake mkono. Alijua pia mshahara wa baba yake, na kwamba shayiri ya farasi mmoja kwa mwezi iligharimu kuliko mshahara huo. Jambo hilo hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo.

Siku moja iliamriwa kwamba jengo libomolewe ili pawe mahali pa kuegesha magari. Niliandika barua kueleza nilichokijua, nikaitia nambari ya jalada kama inavyotakiwa, na nakala nikaiweka. Haikujibiwa. Nililoambiwa kwa mdomo ni kwamba lile ni banda tu, halimo katika orodha ya majengo ya kale. Kwamba boma lenyewe lipo na litapakwa rangi. Jengo likaanguka kwa siku mbili. Mzee aliendelea kufagia mpaka alipostaafu, lakini nilimwona akifika kwenye uwanja ule anasita, kwa kuwa pete hazikuwapo na majina hayakuwa na mahali pa kutundikwa. Miaka michache baadaye alifariki. Leo yanasimama hapo magari sita au saba. Faja limegeuzwa faja; tofauti ni kwamba la sasa halina paa, halina kuta, na halina mtu anayejua majina.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kupuuzwa. Watasema: nchi ina shule zisizo na madawati na zahanati zisizo na dawa, je, tuhifadhi mabanda ya farasi wa watawala waliotuonea? Najibu mambo matatu. Kwanza, kuhifadhi si lazima kuwe kutumia fedha nyingi. Jengo lile la masjala lilikuwa likifanya kazi. Majalada yalikuwa makavu na salama, na kulibakiza kungegharimu chokaa na bati chache. Kilichogharimu ni kulibomoa. Pili, faja si la farasi wa watawala peke yao. Ni mahali pa kazi ya baba zetu, na kwa kuwa wao hawakujengewa sanamu wala hawakuandika vitabu, mahali pao pa kazi ndipo kitabu chao. Tukiliacha boma lenye bendera na kulivunja banda lenye pete, tumewahifadhi waliotutawala na tumewafuta waliofanya kazi. Tatu, jengo lisipozibwa ufa mapema hudai ukuta mzima baadaye, na wakati mwingine hudai zaidi ya ukuta. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Kama nyumba iliyo mbele kabisa, inayotazamwa na kila mgeni ashukaye forodhani, iliweza kufika huko, hali ya zile za uani hatuhitaji kuuliza.

Sidai kwamba kila banda libaki. Miji hukua, na mizigo hubadilika. Lamu, ambako punda bado ndiye gari la mji, inajua thamani ya mnyama wake kwa kuwa inamtumia. Siku atakapoacha kutumiwa, itabidi iamue cha kukumbuka. Ninachodai ni utaratibu. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na tunao watumishi wanaojua kuandika. Orodha za majengo ya kale zisiishie kwenye ukumbi na roshani. Ziorodheshe jiko la nje, ghala, kisima, nyumba ya saisi, kibanda cha mlinzi, na faja. Kila jengo litakaloamriwa kuvunjwa lipimwe na lipigwe picha kwanza, na karatasi hizo zipewe nambari na kutunzwa. Na litakalobaki lipewe kazi, maana faja la Chantilly liliokolewa mara mbili na kazi: mara ya kwanza kazi ya jeshi, mara ya pili kazi ya kufundisha.

Nami, nikiwa karani, naongeza sharti moja ambalo haligharimu chochote isipokuwa mchana mmoja. Kabla ya nyundo kupigwa, ofisi imtume mtu mwenye daftari akakae na aliyekuwa akilifagia jengo hilo. Asimwulize nani alilijenga. Hayo yamo katika majalada. Amwulize nani alikuwa amefungwa katika pete ya kwanza kutoka mlangoni, na nani alimletea maji.